Mwaka Nilioishi na Meno ya Clive

Clive alipokufa mwanzoni mwa mwaka huu, klabu yetu ya zamani pale Rågsved iliandaa kahawa ya kumkumbuka, nami nikaenda kwa sababu moja tu: niliambiwa Dezi naye atakuwepo. Chumba ni kile kile cha ghorofani, juu ya vyumba vya kubadilishia nguo, na harufu ni ile ile ya soksi mbichi, kahawa iliyolala na raba ya nyasi bandia, zile punje nyeusi zinazoingia viatuni na kukufuata mpaka kitandani. Mezani walikuwa wameweka picha yake akiwa na jezi, mshumaa mmoja na sinia la keki za mdalasini. Mwenyekiti mpya, kijana ambaye hajawahi kumwona Clive akicheza hata dakika moja, alisimama akasoma kwenye simu kwamba marehemu alikuwa muungwana wa soka, aliyewafundisha watoto wa mtaa huu kucheza kwa moyo safi. Watu wakatikisa vichwa. Mama mmoja wa kamati akafuta machozi. Mimi nikairudisha keki yangu kisahanini baada ya kuimega mara moja. Ng'ambo ya meza, karibu na dirisha, Dezi alikuwa ameketi na mguu wake mbovu ameunyoosha mbele, fimbo imeegemea kiti, naye anatikisa kichwa pamoja na wengine. Nilikuwa na jambo la kumwambia Dezi, jambo la miaka ishirini na saba, na nilikuwa nimejiapiza njiani kwamba sitashuka zile ngazi kabla sijalisema.

Nilikozaliwa, wazazi wangu, na jinsi nilivyofika Stockholm, nimeshayaeleza kwa maofisa wengi wa nchi hii na sina hamu ya kuyarudia. Nianze nilipokuwa na miaka ishirini na mbili, kiungo wa daraja ambalo watazamaji wake ni wake za wachezaji na mbwa wawili. Klabu ilitupangia mimi na Clive nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, hatua chache kutoka kituo cha treni. Yeye alikuwa na miaka thelathini na sita, kiungo vilevile, na alikuwa amecheza Uingereza miaka kumi na tano. Msidhani ni Uingereza ile ya kwenye televisheni. Alicheza madaraja ya chini, kwenye miji ambayo hata Waingereza wenyewe huulizia njia ya kufika, na ukitaka historia ya kazi yake alikuonyesha mwili tu. Pua ilivunjwa na kipa wake mwenyewe. Goti la kushoto lilipasuliwa mara tatu, mara ya mwisho na daktari aliyemwambia aache mpira, naye akaacha daktari. Meno manne ya mbele yalibaki kwenye goli moja huko kaskazini, na badala yake alikuwa na ya bandia, ambayo siku ya mechi aliyatoa na kuyatia kwenye kikopo tupu cha snus, ile tumbaku ya vifuko ambayo Waswidi hubana chini ya mdomo. Alipokosa kikopo aliyatia kwenye kikombe changu cha chai. Nilikuwa nikiyakuta asubuhi, yananitazama kutoka chini ya maji, na vipande vya mkate vikielea juu.

Sijui niseme nini zaidi kuhusu nyumba ile. Bafu lilikuwa na duara la uchafu pale aliporoweka miguu kwenye maji baridi. Kucha za vidole gumba zilimtoka nzima nzima, nyeusi, akazipanga kwenye dirisha la jikoni, kando ya mkate, kwa sababu alitaka kujua msimu utampokonya ngapi. Alikula maharage ya kopo bila kuyapasha moto, akiwa amesimama, akichota kwa kisu. Alivuta kamasi, akameza. Na pamoja na hayo yote nilimwabudu, hilo ndilo linalonichefua leo kuliko zile kucha. Nilikuwa nikikaa kwenye kiti cha jikoni kuanzia tunapomaliza mazoezi, nikimsikiliza akieleza kazi ya kiungo: wapi uweke kiwiko mwamuzi akigeuka, namna ya kumkanyaga mtu kisigino halafu ukawa wa kwanza kumnyanyua, jinsi ya kulalamika kwa sauti ya chini ili mwamuzi aone aibu kukuadhibu. Aliyaita hayo ufundi. Mimi nilikuwa nayaandika kwenye daftari.

Jumapili nilikwenda kula kwa Mama Dezi, Upplands Väsby, na hiyo ilikuwa safari ya kutoka upande mmoja wa mji hadi mwingine, lakini ningekwenda hata kwa miguu. Dezi alikuwa rafiki yangu, mtoto wa Kirundi, kiungo mshambuliaji wa timu ya huko huko Väsby, mchezaji bora kuliko mimi na kuliko Clive alivyopata kuwa maishani. Tulikuwa tunakula sebuleni kwa sababu jikoni hapatoshi: ugali, sombe, yaani majani ya muhogo, maharage yaliyotiwa mawese mpaka yakawa mekundu, na ndagala, dagaa wa kwao, wakipatikana. Mama Dezi alikuwa mlokole na nyumbani kwake nyama ya nguruwe ililiwa, basi alininunulia mimi Mwislamu sufuria yangu, ndogo, ya kifuniko cha bluu, na hakuna nyama nyingine iliyowahi kupita humo. Aliiweka juu ya kabati peke yake. Binamu yake Dezi, Pascal, ambaye alicheza naye timu moja na kulala naye chumba kimoja, alikuwa akinitania kwamba siku moja atakaanga soseji za Waswidi mle ndani. "Ujaribu uone," Mama Dezi alikuwa akisema. "Hiyo ni sufuria ya Rajabu. Rajabu ni mwanangu, na mwanangu siwezi kumlisha kwa kumficha." Nilisikia maneno hayo mara nyingi sana mwaka ule, mdomo umejaa chakula.

Jumamosi tulikuwa tunacheza sote upande mmoja. Palikuwa na uwanja wa changarawe karibu na Vällingby, na waliokuja walikuwa Wakenya, Waganda, Wakongomani, Warundi na sisi Watanzania, na lugha iliyotuunganisha uwanjani ilikuwa Kiswahili, kila mtu na chake. Tuliitana kwa maneno machache yaliyoshinda mengine. "Mtu!" maana yake kuna mtu mgongoni kwako. "Peke yako!" maana yake tulia, huna wa kukusumbua. Na kwa Wakenya tukachukua "Wacha!", yaani usiuguse mpira huo, mwenzako aliye nyuma yako amekaa vizuri zaidi. Ukisikia "Wacha!" hugeuki kutazama ni nani. Unafungua miguu, mpira unapita, unaendelea na shughuli zako. Mimi, Dezi na Pascal tulifanya hivyo kila Jumamosi mpaka mwili ukawa unatii kabla ya kichwa. Ni kuaminiana kwa aina yake, na nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu ni mimi niliyekuja kuuza kuaminiana huko.

Mwezi wa nane Clive alikuja Vällingby kutazama, amekaa kwenye benchi na chupa yake ya maji, anatema mate kati ya viatu. Mpira ulikuja juu, mimi nikaita, Dezi akauacha upite katikati ya miguu, nikapiga, goli. Clive hakushangilia. Tulipokuwa kwenye treni akaniuliza neno lile maana yake nini, nikamweleza kama mpumbavu, na hata nikafurahi kwamba ameuliza. Treni ikavuka katikati ya mji. Halafu akasema, "Kwetu, ukimwita mpinzani akuachie mpira kwa hila, mwamuzi akikusikia anakupa kadi. Nimekula kadi nyingi sana kwa hilo. Lakini hapa nani anayesikia Kiswahili?" Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanikumbusha kwamba mechi ya mwisho ya msimu tunacheza na Väsby, na atakayeshinda anapanda daraja. Akasema ana kocha mmoja Uingereza, rafiki yake wa siku nyingi, anayetafuta kiungo kijana. Akasema, "Tupande daraja, nami nitakupeleka kwake kufanya majaribio mwezi wa kwanza. Wewe unaita, mimi namalizia. Hakuna anayekufa." Meno yalikuwa mdomoni siku hiyo, nayo yaliteleza kidogo alipotamka neno la mwisho.

Nisijifanye kwamba nilidanganywa. Wiki mbili kabla ya mechi nilikuwa chumbani kwangu, mlango uko wazi nusu, nikamsikia jikoni akiongea na simu, na kumbe alikuwa anaongea na mashine ya kurekodi. "Ni mimi tena," alisema. "Clive. Nilipiga juzi, na wiki iliyopita. Nina kijana hapa. Na mimi mwenyewe bado nakimbia, usisikilize ya watu. Nipigie." Akasoma namba yetu ya simu polepole, mara mbili, kwa sauti ya mtu anayeomba maji. Kisha nikasikia kisu kikikwangua kopo. Nilielewa kila kitu. Nilielewa kwamba hakuna rafiki wala majaribio, na kwamba mwalimu wangu ni mzee asiyepigiwa simu. Nikaufunga mlango taratibu ili asijue nimesikia, nikajilaza, nikajiambia huenda wakapiga kesho. Nilitaka sana kwenda Uingereza. Mtu akitaka kitu kiasi kile anaweza kujifanya kiziwi ndani ya masikio yake mwenyewe.

Mechi ilikuwa Jumapili mchana, kwao Väsby, mvua nyembamba, na kwa mara ya kwanza mwaka ule sikuenda kula kwanza kwa Mama Dezi. Yeye mwenyewe alikuwa uwanjani chini ya mwavuli, na aliponiona akaniinulia mfuko wa plastiki kuonyesha kwamba amenibebea chakula changu. Kila mtu alijua kwamba Jumatatu Dezi anakwenda kufanya mazoezi na klabu kubwa ya daraja la juu, na Pascal, aliyekuwa akikaa benchi nyuma yake msimu mzima, alianzishwa siku hiyo nafasi ya chini kidogo. Mpaka dakika za mwisho hakuna aliyefunga. Ndipo kipa wao akapiga mpira mrefu, ukapanda sana, ukawa unashuka kwa Dezi pale katikati, naye akauelekea kwa kifua. Mimi nilikuwa hatua nne nyuma yake. Pascal naye alikuwa nyuma yake, upande wa pili. Clive alikuwa mbele, ameshaanza kukimbia, mdomo wazi, pengo lile jeusi la meno. Nikaita.

"Wacha!"

Dezi akaacha. Akashusha kifua, akafungua miguu, akasimama wima amelegea mwili mzima, jinsi tunavyosimama Vällingby. Mpira ukadunda ukanijia mimi. Clive akamvaa Dezi kwa miguu yote miwili. Sauti niliisikia, na sitaieleza. Mwamuzi alipeperusha mikono kwamba mchezo uendelee, kwani alichokiona yeye ni mtu mzima akiuwahi mpira na kijana akizubaa. Mimi nilikimbia na mpira, nikapiga, ukaingia. Hilo ni goli langu pekee ambalo watu wa Rågsved bado wanalikumbuka, na picha yake imo kwenye ukuta wa kile chumba cha ghorofani, mimi nimebebwa juu juu na wenzangu, nacheka. Ukiitazama vizuri, pembeni chini unaona mwavuli umeanguka kwenye nyasi.

Baada ya mechi viongozi wa klabu yetu walituchomea soseji. Nilikula mbili bila kuuliza zimetengenezwa kwa nyama gani.

Hospitalini nilikwenda siku ya tatu, nikamkuta Dezi na mguu umefungwa vyuma, Mama Dezi kando yake, na Pascal amesimama mlangoni kama mtu aliyezuiwa kuingia. Walikuwa katikati ya ugomvi. Pascal alisema tena, mbele yangu, akininyooshea kidole, "Si miye niliyeita. Ni huyu. Niliisikia sauti yake." Dezi akanitazama. "Rajabu, ni weye uliyeita?" Aliuliza kwa upole, maana hakuwa anaamini. Mimi ni mpinzani, nitaitaje? Pascal ndiye wa timu yake, Pascal ndiye aliyetaka jezi yake, na tayari klabu kubwa ilikuwa imeuliza kama kuna mwingine wa kuja badala yake. Nikasema, "Hapana. Sikuita." Mama Dezi hakungoja zaidi. Alisema, "Rajabu hawezi kunidanganya, anakula kwangu." Pascal aliondoka pale mlangoni. Akahamia Göteborg kabla ya mwaka kwisha, hakucheza tena, na Mama Dezi alipozikwa, Dezi alimpelekea ujumbe asije. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Kuhusu Clive, yeye alikwenda hospitalini na maua. Alikaa na Dezi saa nzima, akamshika mkono, akasema samahani mara nyingi, na Dezi akamsamehe kwa moyo wote kwa sababu kugongwa ni sehemu ya mchezo. Mpaka leo sijui kama Clive aliona haya au alikuwa anaendeleza ufundi. Mwezi wa kwanza aliniandikia namba ya simu ya yule kocha kwenye ganda la dawa za maumivu. Nilipiga. Mwanamke aliyepokea alisema hapo hakuna mtu mwenye jina hilo, wala hapajawahi kuwepo. Nikaacha mpira majira ya kuchipua, nikajifunza udereva wa treni, na leo naendesha laini ya kijani, napita Rågsved na Vällingby kila siku ya kazi, sehemu zote mbili, na natangaza majina yake kwa abiria. Clive alibaki, akafundisha watoto, akazeeka, akapendwa. Sikuwahi kumsalimia tena, na watu walidhani nina kiburi.

Basi kahawa ilipokwisha na watu wakaanza kukusanya vikombe, nilikwenda kukaa kwenye kiti kilicho karibu na Dezi. Alifurahi. Alinishika bega. "Rajabu, ndugu yangu," alisema, "tunazeeka, eh? Naona mmetuwekea picha yako pale ukutani, kijana mzuri." Nilikuwa nimepanga utangulizi mrefu kwenye treni. Wote ulinitoka. Nikasema, "Dezi, ni mimi niliyeita siku ile. Mimi na Clive tulipanga. Nikakudanganya hospitalini." Niliyasema kwa Kiswahili, kwa sababu mimi na yeye hatujawahi kuzungumza kwa lugha nyingine, hata mbele ya watoto wake wanaotujibu Kiswidi.

Alitoa mkono wake begani kwangu. Hakuutoa kwa ghafla. Akatazama nje kwa dirisha, kule uwanjani, ambako watoto wa kike walikuwa wanafanya mazoezi na kocha wao anapiga filimbi. Kisha akauliza, "Kumbe Pascal alisema kweli?"

"Alisema kweli."

"Na Mama amekufa akiamini nini?"

Akachukua fimbo yake, akainuka kwa shida, mguu ule haukunji, akatoka kwenye ngazi za nje. Dirisha lilikuwa wazi kidogo kwa ajili ya moshi wa mshumaa. Nilimsikia akibonyeza simu, nikamsikia akikosea namba, akianza upya. Halafu sauti yake, ya chini, kwa kile Kiswahili cha kwao nilichokila pamoja na maharage mwaka mzima: "Pascal? Usikate. Ni miye, Dezi. Usikate, ndugu yangu, nisikilize. Najua si weye uliyeita." Akarudia, "Najua sasa." Kisha nikamsikia analia, mwanamume wa miaka hamsini, na yule wa Göteborg naye nadhani alikuwa analia. Niliona aibu kusikiliza, na bado nikasikiliza.

Aliporudi kuchukua koti lake macho yalikuwa mekundu, lakini uso umetulia. Mkono mmoja una fimbo, mwingine unahangaika na upindo wa koti ulionasa kwenye kiti. Nikainuka. "Dezi," nikasema, "niache nikusaidie." Alinitazama vizuri, bila hasira niliyoitarajia na pengine niliyoitamani. Akanijibu kwa Kiswidi. Alisema asante, hakuna haja, ataweza mwenyewe. Alikitamka vizuri sana, kwa adabu ile ile ninayopewa na abiria wanaouliza treni inayofuata itachelewa kiasi gani, kisha akanasua koti, akalivaa, akanitakia jioni njema, kwa Kiswidi hicho hicho.